Waliuzwa na Nani? Jumanne Moja Elmina

Wahenga walinena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Nami, kwa idhini yao, nathubutu kuongeza kwamba yako mambo ambayo mtu huyafuata ugenini akayatazama kwa makini, ilhali kwao yamekaa mlangoni naye hajayatupia jicho. Ndugu msomaji, makala haya hayakukusudiwa kuwa taarifa ya mtalii. Ni kisa cha neno moja dogo, neno 'na', nililoulizwa na kijana wa Kighana katika mji wa wavuvi wa Elmina, nalo likanirudisha hadi makaburini kwetu.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, jijini Accra. Wengi wetu hatuna habari kwamba Kiswahili kimekuwa kikifundishwa chuoni humo tangu miaka ya 1960, wakati ndoto ya umoja wa Afrika ilipokuwa ingali mbichi. Mimi mwenyewe sikulitambua hilo hadi siku moja nilipokuwa foleni mkahawani, nikizungumza na mamangu kwa simu. Nilipokata simu, sauti ya nyuma yangu ikasema: "Shikamoo ni ya wakubwa, nasi tu marika. Basi, hujambo, ndugu yangu?"

Nilishtuka nusura niangushe sahani. Kijana yule alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili, na alikuwa amekaa mwaka mzima Dar es Salaam kwa masomo hayo. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kimenyooka kama uzi wa seremala. Mimi niliyezaliwa pwani ya Kenya, niliyedhani lugha hii nimeirithi pamoja na jina langu, nilijikuta mara kadha wa kadha nikisahihishwa upatanisho wa kisarufi na mtu ambaye lugha ya mamake ni Kifante. Alipopata habari kuwa babu yangu alikuwa mvuvi, akacheka akaniambia: "Babangu pia ni mvuvi. Huna budi kuja kwetu Elmina. Lakini tufike Jumanne."

Kwa nini Jumanne? Hakunieleza. Tuliondoka Accra Jumatatu kwa tro-tro, ndizo matatu za huko, tukaifuata barabara ya pwani kuelekea magharibi hadi Cape Coast. Kutoka hapo Elmina i karibu sana, kilomita 12 hivi. Tulilala kwa wazazi wake, na alfajiri akaniamsha twende tukaone bahari.

Nilitarajia kuona vyombo vikitoka. La hasha! Mamia ya mitumbwi yalikuwa yametulia katika mdomo wa Benya, ule mkono wa maji unaoingia kutoka baharini na kukata mji. Bendera za rangi zilipepea juu yake, na ubavuni mwake mlikuwa mmechorwa maneno ya Biblia na majina ya walio hai na waliokufa. Wanaume walikuwa wameketi mchangani, miguu wameinyosha, wakitengeneza nyavu. Hapo ndipo nilipoelezwa: katika pwani ya Wafante, Jumanne ni siku ya bahari kupumzika. Hakuna anayekwenda kuvua siku hiyo. Aidha, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Julai ndiyo siku ya sherehe ya Bakatue, ambapo nyavu hutupwa katika Benya kwa mara ya kwanza ili kufungua msimu wa uvuvi. "Nimekuleta Jumanne," akasema mwenzangu, "kwa sababu leo wazee wana nafasi ya kuzungumza."

Nilimwamkia babake kwa mikono miwili. Mzee alinikagua viganja, akasema jambo kwa Kifante, watu wakacheka. "Asema mikono yako haijashika kasia," mwenzangu akanitafsiria. Nami nikacheka, maana ni kweli tupu. Babu aliapa kwamba mjukuu wake atashika kalamu.

Mitumbwi ile ilinivutia mno. Kwetu ngalawa ina mrengu huku na huku wa kuizuia isipinduke. Ule wa Elmina hauna mrengu. Huchongwa kutokana na gogo moja kubwa la mti wa msituni uitwao wawa, kisha ubavu wake ukainuliwa kwa mbao na nyuma ikafungwa mashine. Mtumbwi mmoja huweza kubeba watu kumi na zaidi, nao hulipasua wimbi la pwani ile wazi isiyokuwa na mwamba wa kuikinga kama wetu. Kandokando, akina mama walikuwa wakipanga samaki juu ya tanuri za udongo ili kuwakausha kwa moshi. Nikawakumbuka mama karanga wa kwetu, wanaowangoja wavuvi ufuoni na karai zao. Huko pia, mvuvi huvua lakini bei huijua mwanamke.

Baada ya kustaftahi kwa kenkey, yaani unga wa mahindi uliochachushwa ukafungwa kwa majani ya mgomba, na samaki wa kukaanga na pilipili, tulivuka daraja kwenda kwenye ngome.

Ngome ya Elmina ni nyeupe, kubwa, nayo imekaa juu ya mwamba kana kwamba ndiyo iliyotangulia na bahari ikafuata. Wareno, chini ya Diogo de Azambuja, waliijenga mwaka 1482, miaka kumi kabla Columbus hajavuka Atlantiki, kwa mawe ambayo mengine yalikuwa yamechongwa tayari Ureno na kupakiwa melini. Walikuja kutafuta dhahabu, na jina lenyewe, Mina, maana yake ni machimbo. Wenyeji huuita mji wao Edina. Katika miaka ile ya mwanzo, Wareno walileta watumwa Elmina kutoka pande za Benin wakawauzia wafanyabiashara wa Kiakan kwa dhahabu. Baadaye mkondo uligeuka. Waholanzi waliiteka ngome mwaka 1637 baada ya kupandisha mizinga kwenye kilima kilicho mkabala nayo, wakakaa humo zaidi ya karne mbili, na biashara ya kupeleka watu Marekani ikawa ndiyo kazi kuu ya jengo lile. Mwaka 1872 waliwaachia Waingereza, na mwaka uliofuata Waingereza wakaupiga mizinga mji mkongwe uliokuwa chini ya kuta za ngome. Pale palipokuwa na maelfu ya watu, pamebaki uwanja.

Tuliingia na kundi la wageni, mwelekezi wa ngome akitutangulia. Tulionyeshwa vyumba vya wanawake na ua uliokuwa mbele yake, na roshani ambayo gavana alisimama juu yake akichagua wa kupelekewa chumbani. Tulionyeshwa seli yenye fuvu lililochongwa juu ya mlango, ambamo mateka waliodhaniwa wakaidi waliachwa wafe. Tulionyeshwa pia alimofungwa Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Waashanti, aliyetekwa na Waingereza mwaka 1896 na hatimaye kupelekwa Ushelisheli hadi mwaka 1924. Mwisho tulifika penye upenyu mwembamba ukutani unaotazama bahari. Hapo ndipo watu walipotokea kwenda melini. Mama mmoja Mwamerika mweusi alishika jiwe la ukuta asiweze kuliachilia, na sote tukasimama kimya hadi alipokuwa tayari.

Muda wote huo mwenzangu hakutamka neno. Tulipotoka nje, jua likatupiga usoni, akaniambia: "Sasa nikuonyeshe sehemu isiyokuwamo katika tiketi."

Nilimfuata hadi chini ya ukuta, upande wa maji, kwenye mitumbwi ile ile niliyokuwa nimeistaajabia asubuhi. Akaupiga mmoja kwa kiganja.

"Meli za Wazungu hazikuweza kukaribia pwani hii," akasema. "Zilitia nanga mbali. Basi mtu aliyetoka katika upenyu ule alifikaje melini?"

Nilinyamaza.

"Kwa mtumbwi. Na wapiga makasia walikuwa watu wa Elmina. Mabaharia wetu walisifika pwani yote, wakakodiwa hadi ng'ambo ya mto Volta kwa kuwa walijua kulivuka wimbi. Ukoo wa babangu ni wavuvi na wapiga makasia tangu zama hizo. Ndugu yangu, babu zangu waliwavusha."

Sikujua la kusema. Kwa haraka ya mtu anayetaka kumfariji mwenzake, nikasema: "Hata kwetu watu waliuzwa. Yako mapango Shimoni, karibu na kijiji chetu. Masimulizi yanasema mateka walifungwa humo. Waliletwa kutoka bara, wakauzwa, wakapelekwa ng'ambo."

Alinitazama kama mwanafunzi anayemtazama mhadhiri aliyeruka hatua ubaoni. "Waliuzwa na nani?"

"Na Waarabu," nikajibu. "Na Wafaransa waliokuja kununua Kilwa, na Wareno."

"Hao ni walionunua, na baadhi ya waliouza. Nakuuliza juu ya kwenu. Mwalimu wangu alinifundisha kwamba kauli ya kutendwa hukamilika kwa 'na': mtoto alipigwa na mwalimu, samaki waliliwa na paka. Wewe umesema waliletwa, wakauzwa, wakapelekwa. Vitenzi vitatu, na hakuna mtenda hata mmoja."

Jamani! Nilihisi uso ukiniwaka. Mimi, mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili, niliyeandika insha nzima kuhusu mnyambuliko wa vitenzi, sikuwa nimewahi kuona kwamba historia yote ya pwani yetu nilikuwa nimeihifadhi kichwani katika kauli ya kutendwa. Na nilipofikiri zaidi nikaona kwamba hata neno 'mtumwa' lenyewe limeundwa hivyo: tum-w-a, yule anayetumwa. Mtumaji hatajwi.

Tuliketi juu ya ukingo wa mtumbwi. Nikamuuliza kama jambo hilo huzungumzwa waziwazi Elmina. Akanieleza kuwa Waakan wana msemo wa kale ambao una nguvu ya sheria: Obi nkyerɛ obi ase. Maana yake ni kwamba mtu haonyeshi asili ya mwenziwe. Mateka wengi walitoka kaskazini, wakapitishwa njia za bara na masoko kama lile la Assin Manso. Si wote waliofika pwani walipakiwa. Wengine walibaki, wakaoa, wakaolewa, wakaingizwa katika koo za mabwana wao, na ilikuwa mwiko kumwambia mtu kwamba bibi yake alinunuliwa. Sheria hiyo iliwastiri wengi. Pia iliwanyamazisha wengi. Ama Ata Aidoo, mwandishi wa Kifante, katika tamthilia yake Anowa ya mwaka 1970, anamwonyesha msichana aliyemuuliza bibi yake habari za majumba makubwa ya ufuoni na wale waliopelekwa ng'ambo, akakaripiwa anyamaze.

"Lakini wewe umenieleza ya kwenu," nikamwambia.

"Msemo unakataza kuonyesha asili ya mwenzio," akajibu. "Haukatazi kujionyesha mwenyewe."

Jioni ile babake alituita tule naye. Mwanawe alimweleza tuliyozungumza, nami nikaogopa kwamba mzee angekasirika. Hakukasirika. Alitafuna taratibu, kisha akasema maneno machache, nayo nikatafsiriwa: "Bahari tunaipumzisha siku moja katika saba. Imebeba mengi."

Nilirudi Kenya muhula ulipokwisha, na kwa majuma mengi jambo hilo nililikwepa. Ukweli ni kwamba nilikuwa na sababu ya kulikwepa. Nyuma ya ua wa makaburi ya ukoo wetu iko safu ya makaburi mengine, nje ya ua, yasiyojengewa wala kuandikwa, yaliyowekewa mawe ya matumbawe tu kichwani na miguuni. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza nyanya ni ya nani. Akanijibu, "Wale ni watu wa nyumbani." Nikauliza mbona wako nje, ikiwa ni wa nyumbani. Nikaambiwa, "Hayo hayaulizwi." Nami nikawa mtoto mtiifu kwa takriban miaka kumi na mitano.

Hatimaye nilikwenda. Nilimkuta nyanya ukumbini akichambua mchele. Nilimsimulia habari za Elmina: Jumanne ya bahari, mitumbwi isiyokuwa na mirengu, mama yule aliyeshika ukuta. Nilimsimulia jinsi kijana yule alivyoniambia habari za babu zake. Nyanya aliendelea kuchambua. Kisha nikamuuliza: "Nyanya, wale walioko nje ya ua, waliletwa na nani?"

Vidole vyake vilisimama. Alikaa kitambo, akitazama ungo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na sisi hawa hawa."

Tangu hapo alizungumza mpaka adhuhuri. Ukoo wa babu ulikuwa na mashamba ya minazi na mtama, na walioyalima walikuwa watu waliotoka mbali, wengine Nyasa, waliopitishwa Kilwa na kutembezwa pwani nzima kwa miguu baada ya njia ya bahari kubanwa. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na kwamba hali ya utumwa haikuondolewa kisheria katika pwani yetu hadi mwaka 1907. Sikuwa nimewahi kuhesabu kwamba kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na nyumba yetu. Nyanya alinitajia majina ya waliolala nje ya ua. Aliyajua yote. Alikuwa ameyaweka moyoni miaka yote hiyo bila ya kuulizwa.

Alipofika kaburi la mwisho, lile la upande wa bahari, akatua. "Na huyo," akasema, "ni nyanya yangu mimi. Alikuja mtoto. Mimi nilizaliwa akiwa hai, akanibeba mgongoni."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimekwenda kumuuliza nyanya kuhusu waliouza, nikiwa nimejiandaa kubeba aibu ya upande mmoja. Sikuwa nimejiandaa kukuta pande zote mbili zimo katika damu yangu. Majina aliyonitajia sitayaandika hapa. Wako majirani wanaotokana na watu wale, na si yangu kuonyesha asili ya mwenzangu. Lakini nyanya alinipa ruhusa ya kuonyesha yangu.

Nimeandika haya katika jarida la chama chetu, na si kwingineko, kwa sababu moja. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna fahari kubwa, na tuna haki nayo. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha yake ya kazi. Kila mwaka tunasema jukwaani kwamba Kiswahili kilienea bara kwa misafara ya biashara. Ni kweli. Ila twasahau kutaja kilichobebwa na misafara hiyo pamoja na lugha, na nani waliobebeshwa pembe za ndovu, na nani waliokuwa nyuma yao na fimbo. Iwapo twataka Mfante, Mwolofu na Mzulu waipokee lugha hii kuwa yao, basi wataipokea pamoja na maswali yao, kama alivyofanya mwenzangu wa Elmina. Haifai wao watuulize "na nani?" nasi tukabaki tumeinamisha vichwa kana kwamba sarufi imetupiga chenga.

Siombi tufukue ya watu. Stara ni jambo jema, na Waakan hawakuwa wapumbavu walipoifanya sheria. Naomba tu kila mmoja wetu, anapoandika kuhusu pwani hii, bara hili, au ukoo wake mwenyewe, na akajikuta ametumia kitenzi kilichofichiwa mtenda, asimame kidogo ajiulize amemficha nani.

Mwezi uliopita mimi na binamu zangu tuliubomoa upande mmoja wa ua wa makaburi, tukaujenga upya kwa nje zaidi, ili safu ile iingie ndani. Nyanya alikuja akaketi kivulini, akatuelekeza. Alipoulizwa na wapita njia tunafanya nini, alijibu kwamba tunawaingiza watu wa nyumbani.

Kaburi la upande wa bahari sasa lina jiwe lililoandikwa. Aliyelala humo aliletwa na sisi. Mimi ni kilembwe chake, na kilembwe cha waliomleta.